Sarafu ndogo za dhahabu za Uingereza kwa mfuko wa kawaida: ipi ya kununua kwanza, na namna ya kuithibitisha

Mtu mwenye fedha ya kiasi anayetaka kuanza kukusanya sarafu za dhahabu za Uingereza hukutana mapema na wauzaji wanaomwelekeza kwenye sarafu ndogo kuliko zote, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo inayolingana na mfuko wake. Hoja hiyo haina nguvu. Kadiri sarafu inavyopungua ukubwa, ndivyo gharama ya kuigonga na faida ya muuzaji zinavyokula sehemu kubwa zaidi ya bei, na ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kuipima nyumbani na kujua kama ni halali au ya kughushi. Kwa hiyo sarafu zinazofuata nimezipanga kwa kuangalia mambo mawili tu: ni sehemu gani ya fedha ya mnunuzi inayoingia kwenye dhahabu yenyewe, na ni kwa urahisi gani mtu asiye mtaalamu anaweza kuithibitisha.

Msingi wa hesabu ni pauni ya dhahabu, ambayo kwenye matangazo ya wauzaji huandikwa Sovereign. Imegongwa kwa sura yake ya sasa tangu 1817, kwa dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 11 za dhahabu kwa sehemu moja ya madini mengine, hasa shaba. Pauni nzima ina uzito wa gramu 7.988, na ndani yake mna dhahabu safi gramu 7.32. Nusu pauni ina gramu 3.994, na dhahabu safi gramu 3.66, robo pauni ina gramu 1.997, na dhahabu safi gramu 1.83. Kabla ya kumuuliza muuzaji bei, tafuta bei ya gramu ya dhahabu safi kwa siku hiyo, kisha zidisha. Tuseme gramu imefika pauni 100 za matumizi: dhahabu iliyomo kwenye nusu pauni ina thamani ya 366, na anayeiuza kwa 400 anatoza ziada ya asilimia 9 hivi. Akikuuzia robo pauni kwa 230, sarafu yenye dhahabu ya 183, ziada imekwisha kuvuka asilimia 25, ingawa kwa macho ya haraka robo ndiyo iliyoonekana nafuu.

Nafasi ya kwanza ninaipa, bila kusita, nusu pauni zilizogongwa kati ya 1902 na 1915, yaani za Edward VII na za George V. Ziligongwa kwa wingi mkubwa, kwa hiyo zile zilizotumika kiasi huuzwa kwa ziada ndogo juu ya bei ya dhahabu, na bado mnunuzi anapata kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 100 kilichopita mikononi mwa watu. Upande wa nyuma una Mtakatifu George akiwa juu ya farasi akimkabili joka, mchoro wa Benedetto Pistrucci uliowekwa kwenye nusu pauni kuanzia 1893. Kabla ya hapo, kwa kawaida nusu pauni zilibeba ngao. Mkusanyaji mwenye subira anaweza kujipangia mfululizo wa miaka hiyo 14 akinunua moja moja, na asilazimike kulipa bei ya adimu kwa sarafu ya mwaka wowote iliyogongwa London. Sarafu hizi si ngeni kabisa kwetu: mwaka 1905 serikali ya kikoloni iliipa pauni ya dhahabu thamani ya rupia 15 katika himaya ya Afrika Mashariki na Uganda.

Ya pili ni nusu pauni za kisasa za Elizabeth II, hasa zile za kawaida zilizogongwa kuanzia mwaka 2000 huko Llantrisant, Wales, kiliko kiwanda cha sarafu cha Uingereza, Royal Mint. Hizi ni safi na hazina makovu, na historia yake ni fupi, hivyo anayejali dhahabu kuliko kumbukumbu anaweza hata kuzitanguliza. Kuna miaka iliyobadilishiwa mchoro, kama ngao ya 2002 na Mtakatifu George wa 2005, vyote kazi ya Timothy Noad, usishtuke ukiviona. Epuka tu zile za sanduku la mbao na cheti, zilizong'arishwa kama kioo, pale zinapouzwa na kiwanda chenyewe kwa bei ya toleo. Wenye haraka ya fedha huziuza baadaye kwa hasara, na hapo ndipo pa kuzinunua.

Nusu pauni za Victoria zenye ngao ninaziweka nafasi ya tatu. Ni nzuri kuliko hizo mbili, lakini zinadai elimu. Nyingi za London kati ya 1863 na 1880 zina namba ndogo chini ya ngao, namba ya muhuri uliotumika kuzigonga, na zile za Australia zina herufi ya kiwanda, S kwa Sydney au M kwa Melbourne. Namba, herufi na mwaka vikikutana kwa namna fulani, bei inaweza kupanda mara kadhaa, jambo linalomvutia pia mghushi. Asiyejua atalipa bei ya adimu kwa sarafu ya kawaida.

Kutoka hapa orodha inateremka kwa kasi. Britannia ya sehemu ya 10 ya wakia, iliyoanza 1987, ina dhahabu safi gramu 3.11 na kipenyo cha milimita 16.5. Hadi 2012 ilikuwa ya karati 22, na kuanzia 2013 ni ya karati 24. Ni sarafu halali isiyo na mvuto wa kihistoria, na ziada yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya nusu pauni. Theluthi ya gini (gini ni sarafu ya dhahabu ya Uingereza iliyotangulia pauni), iliyogongwa kati ya 1797 na 1813 kwa thamani ya shilingi 7, ni jambo jingine kabisa: gramu 2.8, milimita 17, uso wa George III, zao la miaka ya vita na Ufaransa ambapo Benki ya Uingereza ilisimamisha kulipa dhahabu kwa noti zake. Bei yake haifuati dhahabu, inafuata hali ya sarafu, na nyingi zimetobolewa au zilishawahi kuungwa kwenye pete. Mpenda historia ainunue kwa kuipenda, baada ya kushika nyingine kadhaa mkononi. Robo pauni iliyoanza 2009 ninaiweka chini kwa sababu ya hesabu niliyokwisha kuionyesha. Robo gini, iliyotolewa 1718 na 1762 pekee, haimfai anayeanza.

Kuna ushauri ambao hauendani na kichwa cha makala haya lakini ni wa kweli: pauni nzima karibu daima ina ziada ndogo kwa kila gramu kuliko nusu yake. Anayeweza kungoja miezi michache zaidi na kununua moja nzima badala ya nusu mbili atapata dhahabu zaidi kwa fedha ileile. Nusu inabaki na sifa moja ambayo pauni nzima haina: siku ya shida unaweza kuuza kidogo bila kuuza yote.

Sasa uthibitisho, ambako watu wengi hupotea. Vifaa vinavyohitajika ni mizani ya vito, kalipa ya kupimia kipenyo na unene, na lenzi inayokuza mara 10, na vyote vitatu kwa pamoja ni nafuu kuliko hasara ya sarafu moja ya bandia. Anza na uzito na vipimo, kwa sababu vikisomwa pamoja husema mengi. Nusu pauni ina kipenyo cha milimita 19.3 na unene wa karibu milimita moja. Dhahabu ya karati 22 ina densiti, yaani uzito kwa ujazo, ya karibu gramu 17.5 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali shaba nyeupe, ile ya manjano inayotengenezea mabomba na vikombe, haifiki 9. Sarafu ya madini hayo yenye vipimo sahihi itakuwa na uzito wa gramu 2 tu, na mghushi akitaka kuufikisha gramu 4 itambidi aifanye nene mara mbili. Kwa hiyo sarafu yenye uzito sahihi, kipenyo sahihi na unene sahihi kwa pamoja imekwisha kuvuka kizingiti kikubwa. Zile za zamani huwa zimepungua kidogo kwa kusuguana: sheria ya zamani iliruhusu nusu pauni itumike hadi ishuke kufikia gramu 3.961. Inayosoma 3.97 haina neno. Inayosoma 3.85 inahitaji maelezo, na mara nyingi maelezo hayo ni ukingo uliopigwa tupa.

Kipimo cha kuzamisha sarafu majini kwa uzi, ambapo uzito wa sarafu hugawanywa kwa uzito wa maji inayoyasukuma ili kupata densiti, kinasifiwa sana, na kwa pauni nzima kinafaa. Kwa nusu pauni, maji yanayosukumwa ni gramu 0.228 tu, hivyo mizani inayosoma sehemu ya 100 ya gramu itakuonyesha 0.22, 0.23 au 0.24, na densiti itakayotoka itakuwa popote kati ya 16.6 na 18.1. Unahitaji mizani inayosoma sehemu ya 1000 ya gramu, la sivyo utaikataa sarafu halali bure. Kwa Britannia za karati 24 kipimo hicho kina udhaifu mwingine, kwa kuwa tangsteni ina densiti inayokaribiana mno na ya dhahabu safi. Karati 22 inamnyima mghushi njia hiyo, na ni sababu nyingine ya kuipendelea nusu pauni. Sumaku nayo huondoa chuma tu, shaba haivutwi.

Baada ya namba, tumia macho. Shika nusu pauni ya 1902 hadi 1915 kwa pembeni, uso wa mfalme ukiwa wima, kisha igeuze kama unavyofunua ukurasa wa kitabu: farasi naye anapaswa kusimama wima. Kwenye lenzi, tafuta herufi za mchongaji, De S. chini ya shingo ya Edward VII na B.M. kwenye mkato wa shingo ya George V. Kwenye sarafu halali husomeka zikiwa na kingo kali, na kwenye nakala mara nyingi huonekana kama zimeyeyuka. Angalia pia uwanda mtupu mbele ya uso. Vijipele vidogo vilivyoinuka, vinavyorudiwa mahali palepale kwenye sarafu mbili tofauti za muuzaji mmoja, ni dalili ya muhuri wa kughushi, kwa sababu kovu la matumizi huzama na haliinuki. Soma mwaka: nusu pauni ya George V isiyo na herufi ya kiwanda na yenye tarehe ya baada ya 1915 haikutoka London. Rangi isikuhadaishe, kwani shaba iliyomo huipa sarafu halali wekundu kidogo, na nyingi za bandia ndizo zenye manjano makali.

Inafaa kujua kwamba si kila bandia ina dhahabu pungufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 karakana moja mjini Milan iligonga pauni zenye dhahabu ya kiwango cha Royal Mint, kwa kuwa wakati huo sarafu iliuzwa ghali kuliko dhahabu iliyomo. Mwenye karakana alipokimbilia Uswisi, mahakama ya huko ilikataa kumrejesha Italia kwa hoja kwamba pauni ya dhahabu haikuwa tena fedha ya matumizi. Mwaka 1957 Uingereza ilianza tena kuzigonga kwa ajili ya soko. Bandia za aina hii hupita kwenye mizani bila tatizo, na aliyelipa bei karibu na dhahabu hapotezi sana. Anayeumia ni yule aliyelipia mwaka adimu.

Wanaonunua kwa masonara, iwe Mombasa, Unguja au Muscat, watakutana na nyingi zilizowahi kuwa vidani. Tazama ukingo wote taratibu: alama ya lehemu, meno yaliyosagika sehemu moja au mng'ao usio wa kawaida hupunguza thamani ya sarafu hadi bei ya dhahabu tupu, na hapo usikubali kulipa ziada yoyote. Sonara akitaka kuijaribu kwa asidi, mzuie, kwani mkwaruzo mmoja unaiharibu. Mashine ya eksirei haikwaruzi, ingawa husoma tabaka la juu pekee. Usiisugue wala usiing'arishe.

Minadani, kumbuka kuongeza ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi huzidi asilimia 20 ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho inayotajwa mnadani. Vikasha vya plastiki vya PCGS na NGC, kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzifungia humo, navyo hughushiwa, hivyo hakiki namba kwenye tovuti ya kampuni husika. Kwa nusu pauni ya kawaida gharama ya kuipeleka huko hairudi. Mtandaoni, tahadhari na tokeni za shaba za karne ya 19 zinazofanana na gini ya George III, zenye miaka kama 1788 na 1790 na maneno IN MEMORY OF THE GOOD OLD DAYS, au zile za mpanda farasi zenye TO HANOVER. Zilikuwa vihesabio vya michezo ya karata na huuzwa kama dhahabu na watu ambao wengine hawajui wanachouza. Mkazi wa Uingereza atafaidika na jambo moja zaidi: pauni na nusu pauni za kuanzia 1837, pamoja na Britannia, hazitozwi kodi ya faida ya mtaji, ilhali gini hazimo katika msamaha huo. Na anayevuka mpaka nazo aulize forodha mapema, abebe risiti inayotaja mwaka na uzito wa kila sarafu.