Kamera ya mfukoni au miralesi: nilivyozipanga kwa anayenunua moja tu

Anayekuja kuniuliza swali hili huwa tayari ameshapenda. Anatoa simu, ananionyesha picha ya kamera nyeusi yenye lenzi ndefu, kisha anasema, "Kaka, hii vipi?" Nami humuuliza: ukishainunua, utaongeza nini? Hapo wengi hukunja uso. Kuongeza tena?

Kwa maoni yangu, uamuzi wote umelala kwenye swali hilo. Kompakti, yaani kamera ya mfukoni, ukishalipa umemaliza. Miralesi, yaani kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo ndani, ukishalipa ndiyo umeanza. Ukijijua kuwa hutaongeza hata shilingi baada ya siku ya kwanza, huenda kamera unayoitamani itakupa picha mbaya kuliko ile unayoiona ya kitoto. Nitaonyesha kwa hesabu, maana najua hili halisadikiki kwa maneno.

Kwanza tuelewane majina. Zile kamera kubwa za DSLR zina kioo ndani, kinachorusha taswira hadi kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukibonyeza kinainuka, ndiyo ule mlio unaosikika kanisani mpaka viti vya nyuma. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1 bila kioo hicho, sensa (kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha) ikawa inaona moja kwa moja na kukuonyesha kwenye skrini. Mwili ukapungua, lenzi zikabaki za kubadilisha. Hiyo ndiyo miralesi. Kompakti nayo haina kioo, ila lenzi yake imefungwa humo humo tangu kiwandani. Uliyoikuta ndiyo hiyo hiyo, milele.

Hesabu ya ukumbini

Picha nyingi tunazozijali hupigwa mahali penye mwanga hafifu: sendofu, kicheni pati, sherehe ya kuhitimu inayoanza saa kumi na kuisha usiku, sebule yenye taa moja. Juani simu yako inatosha, tusidanganyane. Kwa hiyo kamera ipimwe gizani.

Uwezo wa gizani hutokana na vitu viwili: ukubwa wa sensa na ukubwa wa tundu la lenzi. Miralesi za bei ya kati hutumia sensa inayoitwa APS-C, takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Kompakti nzuri hutumia ile inayoitwa "ya inchi moja", jina tu hilo, kwa sababu ukiipima ni milimita 13.2 kwa 8.8. Zidisha uone: eneo la APS-C ni kama mara tatu ya ile ndogo. Hapo miralesi inaongoza.

Sasa njoo kwenye tundu. Huandikwa kwa herufi f, na namba ikiwa ndogo ujue tundu ni kubwa. Lenzi ya 16-50 (ni milimita: namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta cha mbali) inayouzwa pamoja na miralesi nyingi za Sony huanza f/3.5, na ukivuta hadi mwisho inabaki na f/5.6. Lakini Canon G7 X Mark III, kompakti ya mwaka 2019, ina lenzi ya f/1.8 ikiwa pana na f/2.8 ikivutwa. Tofauti hiyo ni karibu mara nne ya mwanga, kwa upande wa kompakti.

Mara tatu huku, mara nne kule. Ni sare, na ukibana sana kamera ya mfukoni inashinda kidogo. Aliyenunua miralesi na lenzi iliyokuja nayo, halafu akatia nukta hapo, amebeba nusu kilo na picha za ukumbini za kompakti.

Mizani inageuka pale unapoongeza lenzi moja tu isiyovuta, yenye tundu kubwa. Canon EOS R50 ya mwaka 2023 huuzwa na lenzi ya 18-45 ambayo ikivutwa hadi mwisho inabaki na f/6.3. Ifungie RF 50mm f/1.8, ambayo Marekani ilitoka kwa dola 199, na mwanga unaoingia unakuwa mara 12. Uso wa bibi harusi unaonekana ulivyo, mapambo ya nyuma yanakuwa ukungu laini, na huhitaji flashi ya kumfumba macho kila mgeni. Hakuna kompakti ya mfukoni inayofika hapo.

Ya kwanza: miralesi ya APS-C na lenzi moja yenye tundu kubwa

Nimeipa nafasi ya juu kwa anayepiga watu, na hasa kwa anayetaka kamera irudishe hela yake. R50 na lenzi ile ya dola 199 ni mwanzo mzuri. Upande wa Sony, a6400 ya mwaka 2019 ina tundu la kipaza sauti na fokasi (ulengaji unaofanya picha iwe kali) inayong'ang'ania jicho hata mtu akicheza. Sigma 30mm f/1.4 ndiyo ya kuiwekea. Pesa ikibana, a6000 ya 2014 bado inapiga picha safi za megapikseli 24 na kwa mtumba ni nafuu, ila haina pa kuchomeka kipaza sauti. Kwa video tafuta nyingine.

Mambo mawili wauzaji hawayasemi. Mguu wa flashi wa R50 ni wa aina mpya, hauna vile vichuma vya zamani. Flashi yako ya kawaida haitawaka mpaka ununue kiunganishi cha Canon kinachoitwa AD-E1. Ukiwa mpiga picha wa harusi na umerithi flashi ya kaka yako, ingiza gharama hiyo mapema. La pili ni Canon M50, ambayo bado inazunguka sana kwenye matangazo ya mtumba. Kamera yenyewe haina ubaya, lakini Canon wameufunga ukoo wote wa M, na lenzi zake hazifungiki kwenye R. Ukiinunua, inunue kama kompakti: ulichopata ndicho hicho.

Nyongeza kwa wanaopiga ukumbini. Umeme wetu ni wa 50Hz na kumbi zimejaa taa za LED. Shata ndiyo pazia linaloamua mwanga uingie kwa muda gani; ukitumia ile ya kimya, ya kielektroniki, utaona mistari ya giza imelala juu ya picha. Rudisha shata ya kawaida, au shuka hadi 1/100 au 1/50 ya sekunde. Video ipange picha 25 au 50 kwa sekunde. Nimeona watu wakirudisha kamera dukani wakidai ni mbovu kwa sababu ya jambo hili tu. Na bibi harusi wa rangi yetu ndani ya gauni jeupe huichanganya kamera yoyote: ikilinda gauni, uso unazama. Piga RAW (faili ghafi unalolirekebisha baadaye), pima mwanga usoni. Kompakti nilizozitaja humu nazo zinapiga RAW, kwa hiyo hapo hakuna wa kujivunia.

Ya pili: kompakti ya inchi moja yenye tundu kubwa

Hii ndiyo ninayowaambia wazazi, wasafiri, na yeyote aliyenijibu kwamba hataongeza kitu. G7 X Mark III ina tundu la kipaza sauti na inavuta kutoka 24 hadi 100; udhaifu wake ni fokasi ya video, ambayo wakati mwingine huhangaika kama mtu aliyepoteza funguo. Sony RX100 kuanzia ya tatu (2014) hadi VA (2018) zina lenzi ya 24-70 yenye f/1.8 hadi 2.8 na kitundu cha kuchungulia kinachochomoza. Ukibahatika kuchagua, chukua V au VA, kwa kuwa fokasi zao ni za kizazi kingine kabisa.

Tahadhari na RX100 VII. Ni kamera ya ajabu, gramu 302 zinazovuta hadi 200, lakini ili ifike huko lenzi ilibidi ianze f/2.8 na kuishia f/4.5. Hesabu yangu ya ukumbini haiihusu. Inamfaa anayetembea mchana. Na usidanganywe kwamba 200 inatosha Mikumi au Serengeti. Simba akiwa mbali atatoka kama punje ya mchele. Kwa mbugani, miralesi yenye lenzi ya 55-210, inayokupa sawa na milimita 300 na ushee, ndiyo nafuu ya kuanzia.

Faida ya kompakti haipo kwenye karatasi. Kariakoo mchana, au Luthuli Avenue kwa ndugu zetu wa Nairobi, kutoa kamera kubwa ni kualika wageni usiowajua. Ya mfukoni unaitoa, unapiga, inarudi. Na watu hawakazi shingo mbele yake. Bibi yangu akiona lenzi kubwa huomba kwanza akabadilishe kanga. Mbele ya kompakti anaendelea kuchambua mchele wake. (Heshima ya kuomba ruhusa ibaki pale pale, kamera iwe kubwa au ndogo.)

Ubaya wake mkubwa ni mchanga na vumbi. Lenzi inayotoka na kuingia hufanya kazi kama pampu ya baiskeli, inavuta hewa na kila kilichomo. Kompakti yangu ya kwanza niliipeleka ufukweni Kigamboni siku moja ya Iddi. Jioni ilitoa mlio wa kusaga, lenzi ikakwama nusu nje nusu ndani, na fundi akanitajia bei iliyonifanya nicheke kwa uchungu. Vumbi likifika kwenye sensa ya kompakti huwezi kulitoa mwenyewe, lazima ifunguliwe yote. Ya miralesi unatoa lenzi, unapuliza kwa kipulizio cha mpira, basi. Usipulize kwa mdomo, mate yana tabia ya kubaki.

Ya tatu: Ricoh GR III

Ya wachache. Sensa ya APS-C ndani ya mwili wa gramu 257, lenzi moja ya 28 isiyovuta, f/2.8, hakuna flashi, hakuna kitundu cha kuchungulia. GR IIIx ni hiyo hiyo ikiwa na 40, na kwa picha za watu naipenda zaidi. Betri ni ya kulia: takriban picha 200 na imekata, kwa hiyo nunua tatu. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe sijaona ya kuipita. Kwa sherehe ya mwanao, utajilaumu.

Ya nne: miralesi na lenzi iliyokuja nayo, bila mpango wa kuongeza

Ndiyo wanayonunua wengi, na ndiyo nimeiweka hapa chini kwa makusudi. Sababu nimeshaieleza. Ukiwa na uhakika kwamba lenzi ya pili itakuja ndani ya miezi sita, panda nafasi ya kwanza. Kama hiyo miezi sita ni ya kujifariji, shuka kwenye kompakti.

Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 naiweka ya tano, najua kuna watakaonuna. Ni nzuri hata ikiwa mezani imezimwa, megapikseli 40, f/2. Lakini ilitoka kwa dola 1,599 Marekani, ina gramu 521, haivuti wala haibadilishi lenzi. Ni uzito wa miralesi na kifungo cha kompakti. Miralesi za sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 nazo ziache kwa sasa: mwili utaupata, lenzi ndizo zitakula kodi ya nyumba.

Ya mwisho, usinunue kabisa zile kompakti za rangi rangi zenye sensa ya milimita sita kwa nne na ushee. Simu ndizo zilizoziua, na hazijafufuka kwa sababu vijana wa TikTok wamezipenda. Ukitaka ule mwonekano wa picha za 2008, uliza kwenye droo za shangazi zako kabla ya kutoa hela.

Siku ya kununua mtumba

Nenda na memori kadi yako na betri ikiwezekana, usinunue mbuzi kwenye gunia. Washa menyu kwanza: Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani pekee na hazibadilishiki, na zinafika huku kwa wingi. Chaja isikutishe, angalia imeandikwa 100-240V, kilichobaki ni kichwa cha soketi. Kisha mulika tochi ya simu ndani ya lenzi kwa pembeni. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui hilo ni kuvu, balaa la sisi wa pwani, na linahamia kwenye lenzi nyingine ukizihifadhi pamoja.

Kwa kompakti, izime na kuiwasha mara kumi ukiwa umeiweka sikioni. Kwa zote, funga tundu hadi f/11, piga ukuta mweupe au anga, ivute picha kwenye skrini utafute madoa. Muuzaji akikuambia betri haina chaji lakini kamera ni nzima kabisa, mshukuru, mwambie utarudi kesho akishaichaji.