Walibadilisha spea zote bila kupima hata waya mmoja

Hasira hii nimekaa nayo vya kutosha. Kuna gereji moja hapa Tanga, jina silitaji, niliwapelekea Honda CG125 yangu ya zamani, ile ninayobebea maziwa kutoka Pongwe. Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: nikikata usukani kushoto, inazima. Nikiunyoosha na kupiga kiki, pengine inawaka, pengine plagi haitoi hata cheche.

Hilo la kushoto nililisema nilipoegesha tu, nikalirudia. Fundi hakugusa usukani. Akaweka plagi mpya. Akabadilisha koili. Akabadilisha CDI, kile kiboksi cha umeme kinachoipa koili moto ili plagi itoe cheche. Kila spea inatoka duka lao la pembeni, na kila nikirudi barabarani, kona ya kushoto, kimya, madumu yako nyuma na jua linapanda! Mwisho akasema betri imekufa, ndiyo maana hakuna moto. Hapo nilichemka. Kwenye pikipiki hii CDI haitegemei betri. Umeme wake unatoka kwenye koili nyingine, iliyo ndani ya sumaku, ubavuni mwa injini. Betri ni ya indiketa na honi. Ing'oe kabisa, piga kiki, inawaka. Nikamuuliza kwa upole, "Kaka, lakini umepima?" Akanijibu mbele ya wateja, "Mzee, fundi ni wewe au ni mimi?"

Haki yao niwape: valvu walizirekebisha vizuri, mlio wa injini umetulia. Kwa kazi ya injini ningesema nendeni tu.

Nikaisukuma hadi kwa fundi wa chini ya mwembe, kijana mpole. Swali lake la kwanza: "Inazima ukifanyaje, mzee wangu?" Nikamwambia. Akashika waya mweusi wenye mstari mweupe, unaotoka CDI kwenda swichi ya funguo. Kazi ya waya huo ni kuzima: ukifunga funguo, swichi inaugusisha na bodi, moto unakatika. Akauchomoa, akapiga kiki, plagi ikatoa cheche ya buluu, kavu, inayosikika. Basi CDI, koili na plagi ni vizima, kosa liko kwenye waya au swichi. (Ukijaribu nyumbani, kumbuka waya huo ukiwa nje funguo haizimi injini.) Akavua tangi. Shingoni mwa fremu waya umechubuka, shaba iko nje, na usukani ukienda kushoto inagusa chuma. Akaunga, akauzungushia selotepu ya umeme, akaufunga mbali na shingo. Malipo yake hayakufika hata bei ya ile plagi. Tangu siku hiyo nakata kushoto nitakavyo.

Sasa jiulizeni: CDI yangu ilikuwa na kosa gani? Haikuwa na kosa! Niliifuata ile ya zamani, iliyokuja na pikipiki yenyewe, nikaambiwa vitu vibovu hutupwa. Kibovu kwa kipimo gani, wakati mita sikuiona mkononi mwa mtu yeyote pale? Kwa hiyo ile sentensi ya kazi ya injini naifuta. Hata pancha msiwapelekee. Na ukilazimika, simama pale pale na kila spea wanayoitoa ichukue mkononi kabla haijafika chini ya meza yao.