Ukaazi wa Uingereza kwa askari wa kigeni: askari ametendewa haki, familia yake bado

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile inayomwezesha askari asiye raia wa Uingereza, aliyelitumikia jeshi la nchi hiyo, kuomba ukaazi wa kudumu anapovua sare. Inawahusu Wafiji, Waghana na Wanepali, na kwa upande wetu inawahusu vijana wa Kenya ambao wamejiunga na jeshi hilo kwa kuwa nchi yao imo katika Jumuiya ya Madola. Nimekaa na jamaa zangu wakiyapitia masharti yake mstari kwa mstari, na ninaandika kwa ajili ya wazazi na wake ambao mtu wao yuko kambini leo na hawajui kitakachofuata atakapotoka.

Askari anapokuwa kazini, pasipoti yake hugongwa muhuri unaomtoa chini ya sheria za kawaida za uhamiaji, kwa hiyo haombi viza wala haulizwi anaishi nchini kwa kibali gani. Siku anayoachishwa utumishi kinga hiyo hukoma, naye hubakiwa na siku 28 za kurekebisha hali yake. Ili apewe ukaazi, ni lazima awe ametumikia kwa angalau miaka 4, au awe ameachishwa kwa ugonjwa au jeraha lililotokana na utumishi wenyewe. Jambo jema, na wengi hawalijui, ni kwamba maombi yanaweza kupelekwa hadi wiki 18 kabla ya siku ya kuondoka jeshini. Anayezitumia vizuri wiki hizo hutoka getini akiwa na haki ya kufanya kazi na kupanga nyumba. Asitegemee kwamba ofisa wa kikosi atamwongoza, kwa sababu sheria ya Uingereza inakataza mtu asiyesajiliwa kutoa ushauri wa uhamiaji, na katazo hilo linawagusa hata makamanda wenye nia njema.

Katika suala la ada ndipo huduma hii ilipobadilika zaidi. Mwaka 2021 askari aliyerudi kutoka Iraq au Afghanistan alitakiwa kulipa pauni 2,389 ili aruhusiwe kubaki katika nchi aliyoipigania, na kila mtoto wake alitozwa kiasi hicho hicho. Royal British Legion, shirika la Uingereza linalowasaidia askari na waliostaafu jeshini, na wanaharakati wengine walilipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi, na kuanzia Aprili 2022 ada iliondolewa kwa waliotumikia miaka 6 au zaidi na kwa walioachishwa kwa majeraha ya kazini. Naipongeza hatua hiyo bila kusita. Hata hivyo sioni sababu ya mpaka huo wa miaka 6, ilhali sharti la ukaazi wenyewe ni miaka 4: askari wa miaka 5 anatambuliwa kuwa amestahili kukaa, kisha anatozwa kana kwamba hakutumikia hata siku moja.

Kuhusu familia, tathmini yangu ni kali. Msamaha wa mwaka 2022 haukumgusa mke, mume wala mtoto. Kwa ada iliyoanza Aprili 2025, ambayo ilikuwa pauni 3,029 kwa kila mwombaji, mke na watoto wawili walioomba ukaazi wa kudumu walitakiwa kulipa pauni 9,087. Hizo ni fedha ambazo mtu anayeanza maisha ya uraiani hana, hasa akiwa ndiye pia anayesomesha wadogo zake nyumbani. Mke huyo amehamishwa kambi baada ya kambi na kulea watoto peke yake mumewe akiwa vitani. Kumtoza kama mgeni aliyekuja kwa shughuli zake ni kukana kwamba yeye naye alitumikia.

Wanepali wa kikosi cha Gurkha wanaonyesha madhara ya haki inayochelewa. Uingereza imekuwa ikiwaandikisha tangu 1815, lakini hadi 2004 hawakuwa na utaratibu wa ukaazi, na ulipowekwa ukawafaa tu waliostaafu baada ya Julai 1, 1997, siku ambayo makao yao yalihama kutoka Hong Kong. Mwaka 2008 Mahakama Kuu iliona kasoro katika sera hiyo. Aprili 29, 2009 wabunge waliishinda serikali kwa kura 267 dhidi ya 246, na mwezi uliofuata mlango ukafunguliwa kwa wote waliotumikia miaka 4. Kufikia hapo watoto wengi wa wazee hao walikuwa watu wazima, hawakuweza tena kuwafuata baba zao kama watoto, na utaratibu maalumu kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 30 ulisubiri hadi 2015. Kuhusu pensheni, mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ilikataa mwaka 2016 madai yao ya kulipwa sawa na askari wengine wa Uingereza. Babu zetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni) waliopigana Burma hawakufunguliwa mlango wowote wa namna hiyo.

Wasomaji wa kwetu wazingatie jambo moja zaidi. Ukaazi wa kudumu haumwondolei mtu uraia wa kwao, lakini kuomba uraia wa Uingereza ni suala jingine: Mkenya anaruhusiwa na katiba ya 2010 kuwa na uraia wa nchi mbili, ilhali Mtanzania mtu mzima akiuchukua uraia wa kigeni hupoteza wa kwao, kwa hiyo kwake ukaazi huenda ndio mwisho wa safari. Naye anayepanga kurudi nyumbani kuuguza wazazi au kuanzisha shamba ajue kwamba, asipokuwa raia, ukaazi huo hufutika akikaa nje ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 2 mfululizo, hata kama aliupata kwa miaka 12 ya jeshi.