Uzoefu wangu: usiku wa hausi na tekno Mbeya, kwa kiingilio cha elfu kumi

Nina kibanda Mwanjelwa cha kujazia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu, mwaka wa sita sasa. Kwa hiyo nilipoona tangazo la klabu moja hapa mjini, "hausi, tekno, transi mpaka asubuhi", yaani aina tatu za muziki wa kielektroniki wa kucheza, nilijua nitakwenda. Jina la klabu siliweki. Wakirekebisha spika nitawataja kwa furaha.

Kiingilio kilikuwa elfu kumi pamoja na kinywaji kimoja. Tangazo lilisema saa nne, DJ akapanda saa sita kasoro. Hilo nalisamehe, ndiyo kawaida yetu. Nisichosamehe ni kufungua klabu Mbeya mwezi wa saba bila mahali pa kuweka majaketi. Baridi ya hapa mnaijua. Mtu anaingia amevaa nguo tatu, akicheza nyimbo mbili anatokwa jasho, halafu jaketi aliweke wapi? Meza yetu ikawa kama mtumba wa Kabwe.

Nilikwenda na binamu yangu, fundi bajaji wa Uyole. DJ alianza vizuri sana, hausi ya taratibu ya kama mapigo 120 kwa dakika, kiki, ile ngoma nzito ya chini, inagonga sawasawa, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka. Baada ya muda binamu akaniinamia sikioni.

"Kaka, hii nyimbo inaanza lini?"

"Ilianza dakika kumi zilizopita."

Akanitazama kama nimemwibia. Ikabidi nimpe darasa palepale kaunta. Nikamwambia jina hausi limetokana na klabu ya Chicago iliyoitwa Warehouse, ambako DJ Frankie Knuckles alianza kupiga mwaka 1977. Muziki huu haujengwi kwenye beti na kiitikio, unajengwa kwa kuongeza na kupunguza: leta kofi, toa besi, rudisha besi. Ukisubiri mwimbaji utasubiri mpaka kunakucha. Tekno ni ndugu yake wa Detroit, ya akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, kavu zaidi, ya mashine tupu. Na kuna kale kasauti kanakolia kama chura aliyemeza waya, katoka kwenye kimashine cha kampuni ya Roland kiitwacho TB-303. Kilitengenezwa kuiga gitaa la besi, kikashindwa sokoni, vijana wa Chicago wakakiokota kwa bei ya kutupa na kukipindisha vitufe. Hapo binamu akatikisa kichwa kwa heshima. Fundi anaelewa kitu kilichofanya kazi baada ya kuharibiwa.

Sasa kuhusu sauti. Katikati ya ukumbi, pale hasa watu wanapochezea, besi haikuwepo. Ilibaki mikwaruzo ya juu inayochoma masikio, na ampu inawaka taa nyekundu muda wote. Nilipokwenda kujisaidia nikashangaa: kwenye kona ya korido ya chooni besi ilikuwa nzito mpaka mlango unatetemeka! Si uchawi. Wimbi la besi ni refu. La mitetemo 50 kwa sekunde linakaribia mita 7. Likigonga ukuta na kurudi, kuna sehemu linajiua lenyewe na kuna sehemu linajazana, hasa kwenye kona. Kusogeza maboksi ya besi na kuyajaribu kabla watu hawajaingia ni kazi ya saa moja, haina gharama. Nimelipa elfu kumi, na ngoma bora ya usiku ule nimeisikilizia mlangoni mwa choo.

Kwa sauti ya namna hiyo tekno haiwezi kupona. Ilipofika kasi ya 130 hivi, watu wakaanza kurudi kwenye viti. Transi hatukuionja kabisa. DJ aliona ukumbi unamtoroka, akakata wimbo katikati, kimya cha sekunde mbili, kisha akatupa singeli.

Ukumbi ulilipuka. Wahudumu waliweka trei chini. Dada mmoja aliyekuwa amejifunika khanga juu ya sweta tangu tuingie alikuwa wa kwanza mbele, anaserebuka.

Mimi sipingi singeli, mimi ndiye ninayeiuza. Swali langu ni moja: kwa nini haikuwa kwenye tangazo? Ni muziki wa kompyuta, wa kucheza, uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese na Tandale huko, kwa kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, mpaka mapigo 200 na zaidi. Mzungu akija kuusikia anauita elektroniki bila kusita. Sisi tunauweka kama tairi la akiba.

Na lile pengo la kimya halikuwa na lazima. Angeshuka kwanza kwenye amapiano ya Afrika Kusini, ambayo hukaa kwenye 112 hivi. Zidisha mara mbili, unapata 224, na hapo singeli imeshakaa kitako. Unailaza juu taratibu, miguu ya watu inaongeza hatua yenyewe, hakuna anayejua amevuka saa ngapi. Nilimfuata DJ saa tisa usiku alipokuwa anakunja waya nikamwambia hivyo. Kijana hana kiburi. Akafungua kompyuta, akajaribu kwenye hedifoni, akacheka peke yake. "Ndaga, kaka," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, na kunivalisha hedifoni nisikie. Iliingia kama ufunguo.

Kwa hiyo DJ nampa nane kwa kumi, spika tatu, majaketi sifuri. Bajaji ya kurudi hatukulipa kwa sababu ni ya binamu. Njiani hakusema kitu, nikajua hakupenda. Jumatatu asubuhi kabla sijamaliza kufungua kibanda nikamkuta amesimama na flashi yake, anataka nimjazie saa mbili za "zile zisizoanza".