Mombasa hadi Tanga na gari yetu: Horohoro nimeipenda, ajenti simrudii

Haya, niliahidi kuandika, ndiyo hii. Mwezi uliopita tulitoka Mombasa na Fielder yetu, mimi, mke wangu, watoto wawili na mamangu ambaye dadake yuko Tanga na hawajaonana miaka tisa, tukakaa huko siku sita. Tangu turudi kila mtu aniuliza kuvuka boda na gari yako ni shida? Kwa kweli boda si shida hata kidogo. Kilichotuchelewesha ni karatasi moja ambayo niliinunua hapa hapa Mombasa kwa pesa yangu.

Kuna ofisi moja ya ajenti mjini, siitaji jina, inauza huduma ya kukutayarishia kila kitu, bima ya Komesa, fomu za kastamu, wewe kazi yako ni kuendesha tu. Mimi mtu wa kazi nyingi nikaona sawa, nikawapa kopi ya logbuku na ya paspoti yangu nikalipa. Kwa wasiojua, bima yako ya kawaida ya Kenya haikufuati ukishavuka, wataka Komesa, ile kadi ya njano, na hiyo yalipia hasara utakayomtia mtu mwingine huko. Gari yako wewe mwenyewe ikiumia hiyo kadi haikusaidii, kwa hivyo kama una komprihensivu, ile bima inayolipia hata gari yako mwenyewe, iulize kampuni yako ya bima kama wanaweza kukuongezea Tanzania kabla hujatoka. Na watu huchanganya, manake kadi za njano ziko mbili, hiyo ya gari na ile ya chanjo ya homa ya manjano, na Tanzania ukitoka Kenya unaweza kuulizwa hata ya chanjo. Chanjo yenyewe uichome siku 10 kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka, ila ukishachoma ni ya maisha, siku hizi haina mambo ya kuisha baada ya miaka 10. Mamangu alikuwa nayo kwenye mkoba tangu alipoenda Hija, imekunjwa ndani ya kitambaa, na ndiyo karatasi pekee ambayo haikutusumbua siku ile.

Tulitoka alfajiri tukapita Dongo Kundu tukaepuka feri ya Likoni, Ukunda, Msambweni, mpaka Lunga Lunga. Hapa sikilizeni vizuri kwa sababu ndipo wageni wanapopotea: ukiwa watoka Kenya husimami kwenye majengo ya Lunga Lunga kutafuta muhuri. Wapita, waendelea mbele mpaka Horohoro upande wa Tanzania, na pale ndani ya jengo moja utamkuta afisa wa Kenya wa kukutoa na pembeni yake wa Tanzania wa kukuingiza. Kurudi ni kinyume chake, waipita Horohoro mambo yote wayamalizia Lunga Lunga. Uhamiaji sisi watano tulimaliza chini ya nusu saa, viza hatulipi sisi wa Jumuiya, na kila dirisha ni "karibuni sana". Mamangu kila kijana alimwamkia shikamoo, na yeye marahaba zake hazikuisha.

Sasa kastamu. Gari ya kigeni inapewa kibali cha muda, na wanataka kuona gari ni ya nani. Logbuku iwe ya jina lako, na kama gari ni ya kampuni au bado iko kwa benki, uwe na barua yao ya kukuruhusu kuivusha. (Wenzetu wa Tanzania hiyo logbuku wanaiita kadi ya gari, akikwambia "naomba kadi" usimpe ya chanjo kama nilivyofanya mimi.) Dada mmoja akatoka na karatasi zetu mpaka nje, akainama mbele ya bampa, akawa anasoma namba pleti huku kidole kinatembea juu ya ile Komesa, herufi moja moja. Kidole kikasimama. "Kaka, hii bima ni ya gari gani?" Nikaangalia. Gari ni KDC, karatasi imeandikwa KDG.

Nikampigia ajenti, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Mara ya tatu akapokea akaniambia ati badilisha hapo na kalamu, hawataangalia! Yaani mtu nimemlipa anifanyie kazi ananiambia nikachezee hati ya bima mbele ya serikali ya watu, na watoto wangu wako ndani ya gari. Nilikasirika sana. Kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini tulikaa pale mpaka wakatuma nyingine ikachapishwa, na kabla ya kutuma waliitisha elfu moja na mia tano ya kurekebisha kosa lao wenyewe. Sijarudishiwa mpaka leo. Yule dada wa kastamu, ambaye angeweza kutufukuza tu, alimwambia mamangu "mama njoo huku kwenye feni", akampa kiti chake, na karatasi ilipofika akatumalizia sisi kwanza. Mungu amuweke.

Kutoka pale ni lami safi kilomita 65 hivi mpaka Tanga mjini, njia ambayo wazee wanaikumbuka vumbi tupu. Ila kila kijijini kuna kibao cha 50, na 50 ni 50 kweli, usipandishe mpaka ukione kile kibao cha kuimaliza, trafiki wako chini ya mwembe na ile mashine yao. Mimi nilienda polepole na sikutozwa hata senti. Tanga yenyewe ingetaka andiko lake, watoto mapango ya Amboni walitaka kurudi kesho yake, na mamangu na dadake walishikana mikono mlangoni wakalia bila kusema neno.

Wakati wa kurudi usisahau kile kibali cha gari kukirudisha kifungwe kwenye mfumo wao, usiondoke nacho mfukoni, vinginevyo kwa hesabu zao gari yako bado iko Tanzania na siku ukienda tena utaulizwa.

Horohoro na Lunga Lunga nawapa tano kwa tano, watu wa heshima na hakuna aliyeniomba chochote. Ajenti nampa moja, na hiyo moja ni kwa sababu hatimaye alituma. Disemba tunarudi inshallah, Komesa naenda kuikata mwenyewe kwa kampuni ya bima na sitoki pale kaunta mpaka mke wangu naye aisome.