Autleti za nje ya mji ukiwa safarini: nini ununue kwanza, nini uache kwenye rafu

Watu wengi wakipanga safari ya nje wanatenga siku moja ya autleti, yale maduka ya brandi kubwa yaliyojengwa kama kijiji huko nje ya mji, halafu wanaenda bila hata kujua wanafuata nini, jioni wanarudi na mifuko mitano na ndani yake hamna kitu walichokihitaji. Sasa hapa nimepanga vitu kwa mpangilio wangu, kuanzia kile ambacho mara nyingi kinalipa hadi kile ambacho heri ungebaki hotelini ukalala. Kipimo ni kimoja tu: hiki kitu kiliwahi kuuzwa kwenye duka la kawaida la hiyo brandi, au kimetengenezwa maalum kwa ajili ya autleti? Kama hujui jibu, lile punguzo la asilimia 60 lililoandikwa kwa rangi nyekundu halikwambii chochote.

Maana mwanzoni autleti zilikuwa duka la kiwanda kweli. Mji wa Metzingen kule Ujerumani ndiko Hugo Boss alikoanzisha kampuni yake mwaka 1924, na mpaka leo watu wanamiminika huko kununua, ila sasa ni mtaa mzima wa brandi. Zamani kilichoharibika kidogo au kilichobaki kinauzwa mlangoni kwa bei ya chini, basi. Siku hizi brandi nyingi, hasa Marekani, zina mzigo wao wa pembeni unaoshonwa kwa ajili ya autleti tu, kitambaa chepesi zaidi, zipu ya bei rahisi, na lebo yenye bei mbili: moja kubwa ya kulinganisha, nyingine ya kulipa. Ile kubwa inawezekana hakuna binadamu aliyewahi kuilipa. Brandi ya mikoba na nguo ya Michael Kors walishtakiwa kwa jambo hilohilo na mwaka 2015 wakakubali kutoa dola milioni 4.875 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Kwa hiyo macho kwenye kitu chenyewe, lebo ya bei baadaye.

Namba 1: koti la baridi. Hapa sibishani na mtu. Koti zuri la sufu ni ghali dukani, halipitwi na wakati haraka, na mzigo wa msimu uliopita unaishia autleti kweli kweli. Ukienda wakati jua limeanza kuwaka ndio unapata bei nzuri kabisa, maana hakuna anayetaka kuligusa. Geuza ndani usome lebo ya kitambaa, sufu asilimia 80 kwenda juu ni sawa, ukikuta poliesta ndiyo imeshika nafasi ya kwanza rudisha kwenye hanga hata kama jina mgongoni ni kubwa vipi. Kama lina mistari au mraba angalia pale mfuko ulipokutana na mwili wa koti, mistari inatakiwa ipite moja kwa moja kama vile mfuko haupo. Mshonaji anayebana gharama hapo ndipo anapojiuma, kwa sababu kulinganisha mistari kunakula kitambaa. Kisha tafuta kifungo cha akiba ndani, na vuta bitana kidogo kwenye kwapa uone mshono unaachia au umeshika.

Namba 2: viatu vya ngozi. Vinakaribia koti kabisa, na kama mguu wako ni mdogo sana au mkubwa sana basi kwako hii ndiyo namba moja, maana saizi za katikati zinaisha dukani na zinazobaki ndizo zinazopelekwa huko nje ya mji. Pindua kiatu utazame soli. Ukiona uzi umepita pembeni ya soli kuzunguka kiatu, na kule chini kuna mfereji uliopitisha uzi huohuo, hiyo ni soli ya kushonwa na fundi anaweza kuibadilisha ikilika. Ukiona uzi juu tu na chini hakuna kitu, huenda ni urembo, soli imegandishwa kwa gundi. Sio kwamba hakifai, ila usilipe bei ya cha kushonwa. Namba za saizi zitakuchanganya, kwa wanaume 8 ya Uingereza ni kama 42 ya Ulaya na 9 ya Marekani, lakini vaa vyote viwili na utembee, tena mchana baada ya kuzunguka maana miguu inakuwa imevimba.

Namba 3: sanduku la safari. Watu wanalisahau hili wakati ndicho kitu pekee hapo kinachobeba vitu vingine. Rangi ya mwaka jana inashushwa bei ilhali sanduku ni lilelile. Livute sakafuni likiwa tupu, sikiliza magurudumu, nyanyua mkono wa kuvutia mpaka juu uone kama unayumba. Wengine hununua mwisho, mimi nasema nunua mapema ukishalipata zuri, halafu tumbukiza manunuzi humo badala ya kukatwa vidole na mifuko ya karatasi.

Namba 4: suti. Ingekuwa juu zaidi kama isingekuwa habari ya saizi. 50 ya Ulaya ni 40 ya Uingereza na Marekani, hiyo ni rahisi, shida ni mabega. Kiuno kinapunguzwa, mikono inafupishwa, suruali inapindwa, lakini mabega yakikaa vibaya fundi yeyote atakwambia ukweli kwa kukunja uso. Kama mabega yamekaa, chukua. Kama hayajakaa, toka hapo hata kama ni nusu bei.

Namba 5: vyombo vya jikoni. Autleti nyingi zina duka la Le Creuset, brandi ya vyungu vizito vya chuma, au wenzao, na hapo mara nyingi kuna vyungu vya daraja la pili, yaani rangi ina kidoa au doti ndogo ambayo haiathiri upishi hata kidogo. Ni dili zuri. Tatizo ni uzito, chungu kimoja cha sentimita 24 na mfuniko wake ni zaidi ya kilo 4, na tiketi nyingi za daraja la kawaida zinakupa begi la kilo 23, piga hesabu mwenyewe.

Namba 6: mkoba. Najua wengi ndicho wanachokifuata, samahani, lakini hapa ndipo mzigo wa pembeni umejaa kuliko kokote. Kwanza jua kwamba Louis Vuitton na Hermès hawana autleti, ukisikia mtu anakwambia ameona duka lao la punguzo achana naye. Kwa brandi za kati, kabla hujaenda ingia kwenye tovuti ya brandi yenyewe uangalie modeli unayoitaka, piga picha ya skrini, halafu linganisha ukiwa pale: jina la modeli, bitana, idadi ya mifuko ya ndani, unene wa ngozi pale mkanda unaposhikana na mwili. Kama modeli haijawahi kuwepo kokote isipokuwa kwenye autleti, lipa kama inavyostahili, sio kama lebo inavyojisifu. Kwa brandi za juu za Italia, Serravalle (kati ya Milan na Genoa) au The Mall kule Leccio nje ya Florence, nafasi ya kukuta mzigo halisi wa msimu uliopita ni kubwa zaidi, ila bei yenyewe baada ya punguzo bado inakata pumzi.

Mkiani: fulana zenye jina kubwa kifuani, mikanda, na manukato. Fulana na mikanda ndio mzigo wa pembeni wenyewe. Manukato linganisha kwanza na bei za mtandaoni, mara nyingi tofauti ni ya kuchekesha.

Kuhusu kufika, usilipie ziara ya kifahari kabla hujaangalia usafiri wa kawaida. Autleti ya Bicester Village kule Uingereza kuna treni kutoka stesheni ya London Marylebone inayokushusha stesheni yenye jina hilohilo, chini ya saa moja. La Vallée Village, autleti ya Paris, ni treni ya RER A mpaka stesheni ya Val d'Europe. Woodbury Common, autleti ya New York, ni basi kutoka kituo cha mabasi cha Port Authority, na ni kama kilomita 80 kwa hiyo foleni ikikukamata siku imeliwa. Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Ufaransa mauzo ya punguzo yamewekwa kisheria, ya baridi kwa kawaida yanaanza Jumatano ya pili ya Januari na ya kiangazi Jumatano ya mwisho ya Juni, na autleti nazo hushusha juu ya bei iliyokwisha kushushwa, ila na watu nao hujaa ipasavyo.

Halafu kodi, hapa watu wanajidanganya sana. Uingereza mwaka 2021 walifuta urejeshaji wa VAT kwa watalii wanaonunua na kuondoka na mzigo, kwa hiyo Bicester usihesabu chochote. Ufaransa unatakiwa ununue zaidi ya euro 100, Italia kima kilishushwa hadi euro 70 mwaka 2024, Hispania hakuna kima cha chini. Sasa VAT ya Ufaransa ni 20% na mtu ananunua kitu cha euro 240 anasema nitarudishiwa 48. Hapana. Kodi iliyomo ndani ya 240 ni euro 40, na kampuni inayoshughulikia marejesho inakata chake, kwa hiyo mkononi inafika kama 28 au 29 hivi. Bado ni hela, ila usiiingize kwenye hesabu ya kujishawishi. Beba pasipoti yenyewe siku ya kununua, chukua fomu dukani, na pale uwanja wa ndege gonga muhuri wa forodha au skani fomu kwenye mashine kabla hujakabidhi begi, kwa sababu wana haki ya kutaka kuona vitu na vinatakiwa viwe havijavaliwa.

Na kwenye mashine ya kadi, ikikuuliza ulipe kwa pesa ya nchini kwako au ya hapo ulipo, chagua ya hapo. Ile nyingine inakuja na kiwango cha kubadilishia walichojipangia wao, na punguzo lote ulilozunguka nalo kutwa linaweza kuishia hapo kaunta.