Gesti ya Mji Mkongwe: chumba sawa, mapokezi Mungu anajua

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeshabonyeza nyota tatu. Nafuta moja sasa hivi, na tuone tutafika wapi.

Chumba sina neno nacho. Shuka safi, chandarua hakina tundu, feni inazunguka bila makelele, na dirisha linatazama mabati ya jirani na mnara wa msikiti. Adhana ya alfajiri utaisikia kama umelala kwenye mihrabu, lakini anayekwenda Mji Mkongwe kisha akalalamikia adhana, heri abaki kwao. Maji ya moto yalikuja yalipotaka yenyewe. Kwa dola 25 usiku mmoja, nami nililala siku tatu, na masika yale ambayo bei hushuka Zanzibar nzima, ungetaka nini zaidi?

Shida ni kijana wa mapokezi.

Safari niliipanga mwenyewe, bila kampuni wala dalali, maana mfuko ulikuwa mwembamba: basi kutoka Mombasa, Lungalunga, Horohoro, Tanga, Dar, kisha boti. Mkenya mwenzangu, kitambulisho kinachokuvusha kwenda Uganda hakikuvushi hapo mpakani Lungalunga na Horohoro kuingia Tanzania. Beba pasi na kadi ya homa ya manjano. Kadi yako ikiwa ya zamani, imeandikwa itakwisha baada ya miaka kumi, usikimbilie kuchanjwa tena: tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha. Boti nayo ina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, na wewe ni mgeni hata ukisema Kiswahili cha Lamu. Hayo yote niliyajua, nikayatengea pesa, nikalipa bila kununa. Kila senti ilikuwa daftarini. Kwa hiyo mtu asije akaniambia eti sikujipanga.

Nafika gesti nimelowa chapachapa, pasi nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kijana macho yako kwenye simu. Nikamsalimu. "Dola sabini na tano, keshi." Hilo ndilo jibu la salamu. Pwani hii yote, mtu huulizwa hali kwanza, deni baadaye, hata kama mnadaiana kweli.

Nikatoa dola zangu, zile za dharura. Akaziinua kwenye taa moja moja. Hii ina alama ya kalamu. Hii ya miaka ya zamani. Hii imechanika, na mchaniko wenyewe niliutafuta kwa miwani. Akanirudishia kwa kuzisukuma mezani na ncha ya kidole. Sawa, nikamwambia, nitalipa kwa shilingi, tena ndivyo inavyotakiwa. Ndipo akafungua droo akatoa kalkuleta, ile kubwa ya dukani, mgongo umefungwa selotepu, namba 7 mpaka uibonyeze mara mbili. Akapiga 75 mara 2,800, akanigeuzia: 210,000.

Duka la kubadilishia fedha, kona ya pili tu kutoka hapo, lilikuwa limebandika 2,500. Nikamwonyesha picha niliyoipiga.

"Hiyo ya duka, dada. Hii ya hapa."

Nikamwambia kwamba tangu Machi 2025 kuna kanuni Tanzania: bei itajwe kwa shilingi, na hakuna ruhusa ya kumlazimisha mtu alipe kwa fedha za kigeni. Akacheka. Akamgeukia mwenzake aliyekuwa kajilaza kwenye kochi: "Mkenya kaja na sheria zake."

Zangu! Sheria za kwao, mimi ndiye ninayezisoma.

Tofauti ni 22,500. Najua yupo atakayesema, dada, hela hiyo ndogo ndiyo ya kuandikia waraka? Ndiyo. Unaposafiri kwa pesa ya kuhesabu, hiyo ni siku mbili za kula ukashiba: mkate wa ajemi na maharage ya nazi asubuhi, urojo mchana, mishikaki jioni kwenye vibanda vya mitaani, si Forodhani ambako bei hupanda wakikuona na begi mgongoni. Ndani yake ungepata na nauli ya gari namba 116 hadi Nungwi na kurudi. Na hata ingekuwa shilingi mia, kile kidole kilichosukuma noti zangu bado kingeniuma.

Nililipa. Mvua inapiga, kiza kinaingia, ningekwenda wapi? Nikaomba risiti. Kitabu cha risiti "kimekwisha". Basi nafuta nyota nyingine. Imebaki moja.

Ila nisipomtaja mama wa jikoni nitakuwa mwongo. Asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama viatu vyangu vilivyojaa maji, akavichukua bila kuniuliza akaviweka ubavuni mwa jiko la mkaa. Chai yake ya viungo, na mkate wa kumimina wenye harufu ya iliki, sijala mfano wake hata Mombasa, na watu wetu wa Mombasa wanisamehe. Akaniuliza nimetozwa ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza, akafuta meza mahali palipokuwa safi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwenye nyumba yuko Maskati, mwanangu. Haya hayajui." Kesho yake sahani yangu ilikuwa na mayai mawili. Za wengine, moja moja.

Mwenye nyumba, kama haya yanakufikia huko Maskati: chumba chako kizuri, mama mwongeze mshahara, na uulize kile kitabu cha risiti kilikwisha lini na ile 22,500 iliingia wapi, maana nina shaka kama uliiona wewe. Nyota ya pili nairudisha, ni ya mama peke yake. Kijana akithubutu kunijibu, naiondoa.